Televizyo na Saa Zetu za Jioni



Kila mara jioni, katika mitaa yetu ya Lubumbashi, tunasikia kelele moja. Umeme ulikuwa umekatika, giza lilikuwa limetanda, watu walikuwa wamekaa mlangoni. Kwa ghafula taa zinawaka, na watoto wa mtaa mzima wanashangilia. Mara moja wote wanaingia nyumbani. Kwa nini? Kwa sababu televizyo imeamka. Viti vinabaki uani peke yao, na mama aliyekuwa akisimulia habari anaacha neno lake katikati.

Jambo hilo linatukumbusha swali ambalo wakristu wengi wanajiuliza: Je, kutazama televizyo ni kutumia vema wakati tuliopewa na Mungu, ao ni kuupoteza? Wengine wanajibu upesi: «Ni kuupoteza.» Wengine wanajibu upesi vilevile: «Mtu amefanya kazi mchana kutwa, mwacheni apumzike.» Sisi hatutaki kujibu upesi. Tunayo sababu, nayo ni hii.

Jumamosi, tarehe 18 Desemba 2010, timu yetu ya Mazembe ilicheza huko Abu Dhabi na timu ya Inter ya Milano, katika mchezo wa mwisho wa kombe la dunia la timu za mpira. Kabla ya mwaka ule hakuna timu ya Afrika iliyopata kufika mchezo huo. Siku nne mbele, Mazembe ilikuwa imeishinda Internacional ya Brazil, mabao 2 kwa 0. Nani angekaa mbali na televizyo jioni ile? Saa moja ya usiku tulikuwa wanaume saba katika nyumba moja, na watoto wengi wamejazana dirishani.

Mchezo ulipokuwa unaendelea, mtoto mmoja aliingia, mjukuu wa mzee jirani yetu. Mzee huyo alikuwa amefanya kazi ya reli miaka mingi, naye alikaa nyumba ya pili kutoka pale. Mtoto alisema: «Baba, nkambo anaomba mmoja wenu afike na karatasi na kalamu.» Tulimjibu: «Umwambie nkambo tutakuja, mpira ukiisha.» Mtoto alisimama kidogo, akatazama naye, kisha akaenda zake.

Mazembe ilishindwa, mabao 3 kwa 0. Mpira ukaisha, lakini sisi hatukutoka. Tulibaki tukibishana juu ya mabao yale. Tulipotoka mwishowe, dirisha la mzee lilikuwa giza. Tukasema: «Amelala. Tutakwenda kesho.»

Kesho yake, siku ya Mungu, tulikuwa tukivaa nguo za kwenda Misa walipokuja kutuita. Usiku ule mzee alikuwa amepatwa na ugonjwa unaoua upande mmoja wa mwili na kufunga kinywa. Aliishi siku chache tu. Macho yake yalitujua, lakini kinywa hakikusema tena. Tulimzika siku moja kabla ya Noeli.

Ndipo mjukuu alipotueleza maana ya karatasi na kalamu. Mzee alitaka kumwandikia mtoto wake wa kwanza aliyekaa Kolwezi. Baba na mtoto walikuwa hawasemezani tangu miaka mingi. Mtoto huyo alifika siku ya maziko. Jioni, watu walipopungua, alitukaribia akauliza: «Baba aliniachia neno?» Karatasi tulikuwa nazo nyumbani, na kalamu pia. Neno hatukuwa nalo.

Basi, wasomaji wapenzi, mnaelewa kwa nini hatuwezi kujibu upesi. Lakini tusiseme yasiyo kweli. Si televizyo iliyomwua mzee. Wala hatukufanya dhambi kwa kutazama mpira, kwani furaha ya mpira ni furaha njema. Mtu mwenye hasira angeweza kuchukua nyundo na kuvunja kioo. Sisi hatuoni kwamba hiyo ni hekima. Tufikiri pole pole.

Kanisa lenyewe halikuikataa televizyo. Mwaka 1957 Papa Pio XII aliandika barua kwa Kanisa zima juu ya sinema, redio na televizyo. Alisema ni vyombo vya ajabu ambavyo akili ya mtu imevipata kwa msaada wa Mungu, akawaonya watu wavitumie vema. Mtaguso wa Vatikano wa pili nao ulitoa tangazo juu ya vyombo hivyo, tarehe 4 Desemba 1963. Na mwaka 1958 Papa Pio XII alifanya jambo ambalo wengi wetu hatulijui: aliipatia televizyo msimamizi mbinguni. Msimamizi huyo ni Mtakatifu Klara wa Asizi.

Mtu atacheka. Klara alikufa mwaka 1253. Aliijuaje televizyo? Habari yake ni hii. Usiku wa Noeli, mwaka uliotangulia kufa kwake, Klara alikuwa amelala kitandani katika monasteri ya San Damiano, nje ya mji wa Asizi. Alikuwa mgonjwa tangu miaka mingi. Masista wenzake walikwenda kusali, naye akabaki peke yake, hawezi hata kusimama. Alimlalamikia Bwana wetu kwa kuachwa vile. Ndipo Mungu alipomjalia kusikia nyimbo za ibada iliyokuwa ikifanyika katika kanisa la Mtakatifu Fransisko, mbali na pale, hata kuona pango la Mtoto Yezu. Masista waliporudi, aliwasimulia yote.

Tuangalie vizuri habari hiyo, maana ndani yake mna jibu la swali letu. Klara hakutazama kwa sababu alichoka kukaa na watu. Alitazama kwa sababu moyo wake ulikuwa tayari umekwenda kanisani, na miguu tu ndiyo iliyoshindwa. Macho yake yalipewa kufika pale ambapo miguu yake haikuweza.

Sisi, jioni ile ya Desemba, tulifanya kinyume. Miguu yetu ilikuwa mizima. Nyumba ya mzee haikuwa mbali, hatua arobaini hivi. Macho yetu yalikuwa Abu Dhabi, na miguu yetu ikafungwa.

Tena tuliona jambo la pili, nalo lilitujia baadaye, kwenye matanga. Mpira ule haukutuhitaji. Kama tungetoka sote saba, mchezaji hata mmoja asingegeuza kichwa. Bao lisingefungwa wala kuzuiwa kwa ajili yetu. Bali nyumba ya pili alikuwako mtu mmoja aliyetuhitaji, na saa ya kutuhitaji ilikuwa ile ile, si nyingine.

Sasa tuwasikilize wale wanaosema: «Lakini mtu hupaswa kupumzika.» Wanasema kweli. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, anafundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, nayo huhitaji mapumziko yake, yaani mchezo na furaha. Anakumbusha habari ya kale ya Mtakatifu Yohane Mtume. Siku moja watu walichukizwa kumwona akicheza na wanafunzi wake. Yohane alimwomba mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Akamwuliza kama angeweza kupiga bila kuacha. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo na roho ya mtu, ikivutwa daima bila kulegezwa.

Basi fundi aliyebeba matofali tangu asubuhi, mama aliyeuza makala sokoni juani, mwalimu aliyefundisha watoto sabini, wote wana haki ya kulegeza upinde wao. Mchezo wa kuchekesha, wimbo, mpira, ni vitu vyema. Lakini mwindaji hulegeza upinde ili kesho auvute tena. Akiuacha umelegea mwaka mzima, hana upinde tena, ana fimbo na kamba tu. Hapo kila mtu anaweza kujipima. Nikizima televizyo, je, nimepata nguvu ya kusema na bibi yangu, ya kusali, ya kuamka mapema? Ao nimechoka kuliko nilivyokuwa, na hasira inanijia nikiitwa? Mapumziko ya kweli yanamrudisha mtu kwa watu wake.

Tuhesabu pia. Mtu anayetazama saa 3 kila siku anatoa sehemu moja ya 8 ya siku yake, kwani siku ina saa 24. Kwa miaka 8 ametoa mwaka 1 mzima, mchana na usiku. Kwa miaka 40 ametoa miaka 5. Tukimwambia mtu mapema, «Utakaa miaka 5 kwenye kiti hiki, usiku na mchana», atakataa kwa nguvu. Lakini kwa vipande vidogo vidogo anakubali, kama mlevi anayesema kila mara: «Chupa hii tu.»

Lakini tusihesabu kama wachuuzi. Mchuuzi husema saa iliyopotea ni saa isiyoleta franka. Sisi hatusemi hivyo. Kukaa kimya kando ya mgonjwa hakuleti franka hata moja, na ni saa iliyotumiwa vema kuliko nyingine. Kusali rozari hakuongezi unga nyumbani. Saa si mali yetu tunayoiweka akiba, haiwekwi. Ni kitu tulichopewa ili tukitoe. Neno kubwa ni kujua tunampa nani.

Na hapa tuwaonye vijana, maana wako watu wanaozitaka sana saa zetu. Tukumbuke jambo lililotokea Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi katika uwanja ambao leo unaitwa Tata Raphaël, kwa ukumbusho wa Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut aliyewapenda sana vijana wa mji ule na michezo yao. Je, ngumi zilianza saa ngapi? Saa kumi ya usiku, kabla ya mapambazuko! Makumi elfu ya watu walikesha kuzingoja. Kwa nini saa ile? Kwa sababu saa kumi ya usiku Kinshasa ni jioni huko Marekani, na wenye kulipa walikuwa huko, mbele ya vioo vyao. Usiku wa watu wetu ulipindwa ili ufae jioni ya watu wengine.

Hatusemi hayo kwa kuwalaumu waliokesha. Walipata furaha kubwa, na Ali alishinda. Tunasema ili tuelewe kazi ilivyo. Anayetangaza sabuni ao bia kwenye televizyo hatupi mchezo bure. Ananunua saa zetu kwa mwenye televizyo, kama vile mtu anavyonunua mihogo. Si vibaya mtu kufanya biashara. Lakini mihogo haijui kwamba inauzwa. Sisi inafaa tujue.

Mwingine atasema: «Mimi ni mtu mzima, naweza kutazama kidogo na kuacha.» Mtakatifu Agustino, Mwafrika mwenzetu, anasimulia habari ya rafiki yake Alipio. Kijana huyo alikuwa Roma kwa masomo. Alichukia kabisa michezo ya watu waliopigana kwa panga hadi kufa mbele ya umati. Siku moja wenzake walimvuta kwa nguvu mpaka uwanjani. Akawaambia wanaweza kuuleta mwili wake, lakini si macho yake. Akakaa amefumba macho. Basi umati ulipopiga ukelele mkubwa, alishindwa, akafumbua ili aone ni nini. Tangu hapo hakuweza kugeuza uso. Alilewa damu, na siku nyingine akarudi mwenyewe, tena akiwavuta wengine. Alipio hakuwa mtu dhaifu. Baadaye akawa askofu. Kosa lake lilikuwa kujitumaini kupita kiasi. Siku hizi ni vivyo hivyo kwa simu iliyo mfukoni, ambayo ni televizyo ndogo isiyozimwa. Ukelele wake ni mdogo, lakini unapigwa usiku na mchana.

Wazee wengine watatuambia: «Zamani tulikaa kando ya moto, tukafundishwa hadisi na mezali. Televizyo imeua hayo yote.» Tunawaheshimu, lakini tuseme ukweli: kando ya moto watu walisengenyana pia, wakapanga magomvi, wakalewa. Moto haukuwafanya watakatifu. Ila moto ulikuwa na jambo moja jema: uliangaza nyuso. Aliyekaa motoni alimwona mwenzake akihuzunika, akamwuliza: «Una nini?» Televizyo nayo inaangaza nyuso zetu, lakini hakuna anayezitazama. Mtoto aweza kulia kimya nyuma ya kiti cha baba yake, na baba asijue.

Je, hakuna saa njema mbele ya televizyo? Ziko, na si chache. Tarehe 1 Februari 2023, Papa Fransisko alisoma Misa Ndolo, mjini Kinshasa, mbele ya watu kupita milioni moja. Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni mbali sana, na nauli ya ndege si ya maskini. Siku ile ile alikutana na ndugu zetu waliotoka mashariki ya nchi, wakamweleza mateso waliyofanyiwa na watu wenye silaha. Mwenye televizyo aliweza kusikia ndugu wa Kivu akilia, mtu ambaye asingemwona maisha yake yote. Hapo macho yalifika pale ambapo miguu haikuweza. Vilevile mwaka 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipofunga makanisa, wengi walifuata Misa kwa televizyo na redio. Ilikuwa neema kwa wakati wake. Lakini milango ilipofunguliwa, aliye mzima akabaki kwenye kiti chake, huyo asijilinganishe na Klara. Klara angepewa miguu usiku ule, angekimbia kanisani.

Na hata saa njema hiyo haitoshi kwa kuona tu. Tukumbuke mfano wa Bwana wetu, njia ya kutoka Yeruzalemu kwenda Yeriko. Kuhani alimwona mtu aliyelala njiani. Mlawi alimwona pia. Msamaria alimwona. Wote watatu walitazama kitu kimoja. Hakuna aliyeona zaidi kuliko mwenzake. Tofauti yao ilikuwa miguuni: wawili walipita, mmoja akakaribia. Aliyeisikia habari ya Kivu, kisha jumapili akaweka kitu katika sadaka ya wakimbizi, ao akampokea mtoto wa ndugu aliyekimbia vita, huyo hakupoteza saa yake. Aliyeisikia, akasikitika, kisha akageuza kwenye wimbo, amefanya kazi ya Mlawi.

Basi jibu letu ni hili. Kutazama televizyo si kuupoteza wakati, wala si kuutumia vema, hutegemea miguu. Televizyo ikitupeleka pale ambapo upendo ungetaka kwenda na miguu haiwezi, inatufaa. Ikilegeza upinde wetu kidogo ili kesho tuweze kazi, inatufaa pia. Lakini ikitufunga tusiende pale ambapo miguu ingefika kwa hatua arobaini, inatuibia, hata kama tunachotazama ni kizuri, hata kama ni kitakatifu.

Kwa hiyo, wababa na wamama, tunawashauri mambo matatu, nasi wenyewe tunajaribu kuyashika. La kwanza: kabla ya kuwasha, mtu ajiulize: «Saa hii, nani ananihitaji?» Kama hakuna, awashe kwa amani. La pili: mtu akiingia nyumbani, sauti ishushwe, na uso ugeuzwe kwake. Mgeni asisemee na mgongo wetu. La tatu: akija mtoto kutuita, tusimtume arudi. Mtoto hajui kueleza uzito wa neno alilotumwa. Tena sisi hatujui. Tusimame.

Mtasema ni mambo madogo. Ni madogo kweli. Barua ya mzee nayo ilikuwa ndogo. Labda maneno kumi yangetosha, na robo saa. Mchezo ungekuwa bado haujaisha tuliporudi.

Nyumba yake sasa wanakaa watu wengine. Nao wana televizyo, na jioni tunasikia watoto wao wakicheka. Hatuna neno juu yao. Lakini kila mwaka, siku za Noeli zikikaribia, mtoto wa mzee anatoka Kolwezi kuja kulisafisha kaburi la baba yake, nasi tunamsindikiza. Hajatuuliza tena. Tunang'oa majani pamoja, tunasali Baba Yetu, tunarudi kwa miguu. Siku hiyo, akikaa kwetu jioni, hatuwashi televizyo.